Sweta la Mpira

Aliyeanza kunihesabu ni Tulinave, mjukuu wangu,
tunayelala naye chumba kimoja kwa sababu ya baridi.
Asubuhi, uji ungali mdomoni, akasema:
Bibi, jana usiku ulikufa mara kumi na moja.
Nikamwambia nyamaza, kunywa uji.
Mwanamke hakoromi, ndivyo nilivyolelewa;
kukoroma ni kwa wanaume, na kwa misumeno ya mbao.

Mbeya wakanibandika nyaya kichwani
kama uzi uliochezewa na paka.
Mtu asiyelala akapimwa usingizi!
Nililala dakika tisini. Daktari akasema zimetosha,
akanionyesha kwa ngumi, akiikaza, akiilegeza:
koo lako, mama, ni mlango unaojifunga kwa ndani.
Sikumwambia kwamba usiku kucha
mimi niko nje ya mlango huohuo, nabisha.

Nikarudi Njombe na mashine mapajani,
nzito kama tofali, imefungwa kwenye kanga.

Mimi na mashine si wageni. Miaka ishirini na sita
nafuma masweta ya shule: ya kijani, ya bluu, ya damu ya mzee.
Ile yangu nikiisukuma inakwenda, nikiiacha inalala.
Hii hainisikilizi. Inanipulizia puani
kama mtu aliyekata tamaa na kuni mbichi.
Nikifungua mdomo nisali, upepo unatokea hapo,
sala inageuka filimbi,
mtoto anacheka ndani ya blanketi.

Inangoja nilale ndipo ifanye kazi yake.
Nangoja ifanye kazi yake ndipo nilale.

Saa saba lori la mbao linapanda, linabadili gia.
Saa nane bati linalia kwa kubanwa na baridi.
Saa tisa nakumbuka deni la mama Mgaya,
masweta mawili tangu Januari,
na moja lilikuwa na mfuko.

Ukaja Juni, viazi vikaungua kwa barafu shambani.
Baridi ikaingia hata kwenye mpira wa mashine,
mvuke ukageuka maji, maji yakanijia puani,
tone, tone, halafu gulugulu.
Nikamkumbuka baba na mianzi yake:
jioni anakata ncha, anafunga mbeta, anaondoka.
Ulanzi haukodolewi macho, alisema,
ukiusimamia haudondoki.
(Daktari ameukataza, ule wa jioni hasa.)

Basi nikavua barakoa, nikawasha taa,
nikaufumia mpira ule sweta
kwa mabaki ya rangi zote za shule za wilaya.
Halina mbele wala nyuma, halina mikono.
Mteja asiyekua, asiyechana kiwiko,
asiyelipa pia.
Usiku uliofuata maji hayakuja.
Usingizi nao hakuja. Nilidhani wangeongozana.

Juzi umeme ukakatika.
Barakoa ikawa kiganja cha mtu juu ya pua yangu,
nikaing'oa, nikaketi gizani na alama zake mashavuni.
Kimya. Kisha nikamsikia Tulinave,
anavuta, anatoa, anavuta,
nami nikaanza kumhesabu, mimi naye zamu kwa zamu.
Nilifika mia mbili na kitu.
Hakufa hata mara moja.
Sijui umeme ulirudi saa ngapi,
sijui nani alinivalisha barakoa, kama ni mimi.

Asubuhi alikuwa amekwisha kusoma kioo cha mashine,
amechukua daftari langu la oda, ameandika
kwa mwandiko wake unaopanda mlima:
Bibi, saa tatu na dakika kumi.
Chini yake, mwandiko wangu wa jana:
sweta la bluu, kidato cha kwanza,
mikono iwe mirefu, mtoto bado anakua.